Kupanda Mlima Meru: omba siku nne, usikubali tatu

Nimepanda Meru mara mbili. Mara ya kwanza niliishia Rhino Point, sehemu ya njiani kabla ya kilele, saa tisa usiku, natapika huku kiongozi wetu kanishika begi kwa nyuma nisije nikadondoka, na mara ya pili nikafika mpaka juu kabisa nikakaa pale kama nusu saa sitaki kushuka. Mlima ni uleule na miguu ni ileile, ila mara ya kwanza tulipanga siku tatu na ya pili tukapanga nne. Hiyo siku moja ndo imenifanya niandike hapa, sababu naona watu wengi sana wanauziwa safari ya siku tatu kwa kuwa bei yake ni nafuu kidogo halafu wanarudi wameuchukia mlima ambao haujawakosea kitu.

Kwa asiyeujua, Meru uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mita 4,562, na kwa Tanzania ni wa pili baada ya Kilimanjaro. Watu wa Arusha mjini wanauona kila siku asubuhi kabla mawingu hayajaushika, nadhani ndo maana tunauzoea mpaka tunaudharau, tunasema ah Meru si hapo tu. Lakini kile unachokiona ukiwa mjini ni mgongo wake. Upande wa mashariki, ule unaotazama Kilimanjaro, mlima uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukabaki kama kiatu cha farasi, ukuta umezunguka na upande mmoja uko wazi. Njia ya kupanda inaanzia huko kwenye uwazi, geti la Momella, na usiku wa mwisho unatembea juu ya ukuta wenyewe. Ukishaielewa hiyo ramani kichwani kila kitu kingine nitakachosema kitakaa sawa.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Oktoba, halafu Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei ni masika, njia ya msituni inakuwa utelezi mtupu na juu unaweza ukafika usione hata mkono wako, usiende kipindi hicho kama unachotaka ni kuona. Huwezi kwenda peke yako, lazima uandikishwe getini na mnapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki anatembea na nyie, sababu huku chini kuna nyati na tembo na wao ndo wenye njia. Malipo ya hifadhi kwa Mtanzania ni tofauti kabisa na ya mgeni, beba kitambulisho chako cha NIDA au pasi, usiache nyumbani. Ukipanga na kampuni waulize maswali matatu tu kabla hujatoa hela: ni siku ngapi, wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo, wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na siku ya pili mtafika Saddle, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa ngapi. Hilo la tatu ndo litakuonyesha kama wanaujua mlima.

Mazoezi anza miezi miwili kabla. Kukimbia barabarani kunasaidia pumzi lakini Meru ni ngazi, yaani siku ya pili nzima ni ngazi za mbao na udongo mpaka uzichukie, kwa hiyo tafuta ngazi. Mimi nilikuwa napanda ngazi za ghorofa tisa ofisini na begi lenye chupa nne za maji ya lita moja na nusu, kupanda na kushuka, na kushuka ndo usikuache sababu magoti yanaumia wakati wa kushuka sio wa kupanda. Walioko Dar nendeni Morogoro mpande Uluguru kupitia Morningside wikiendi moja au mbili, na walioko Nairobi wana Longonot na Ngong karibu. Viatu ulivyonunua vaa huko kote, vizoee mguu, kiatu kipya mlimani ni malengelenge siku ya kwanza tu.

Nguo hazihitaji utajiri. Jaketi langu la baridi nilinunua mitumba Memorial pale Moshi, zito kweli, na mpaka leo linafanya kazi. Unachotakiwa kukumbuka ni kuvaa tabaka tabaka: ya ndani inayobana isiyo ya pamba, sababu pamba ikishika jasho inabaki na maji na ukisimama tu unaanza kutetemeka, juu yake sweta la manyoya, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo na mvua. Chini suruali mbili, usiende na jinzi tafadhali. Glavu nzito, kofia ya kufunika masikio, soksi za sufu pea tatu, miwani ya jua. Tochi ya kichwani na betri mpya za akiba, hiyo isiwe ya simu, mikono yote miwili utaihitaji. Fimbo mbili za kutembelea na slipingi begi nzuri unakodi Arusha au Moshi, jaribu zipu kabla hujaondoka dukani. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, nchi nzima ilipigwa marufuku tangu 2019.

Siku ya kwanza mnatoka Momella, kama mita 1,500, mnakwenda Miriakamba, mita 2,500 na kidogo. Njia ziko mbili. Ya kaskazini ni fupi, inapanda kwenye majani wazi, masaa matatu hivi umefika. Ya kusini inazunguka msituni, ndefu zaidi, inapita chini ya mti mkubwa wa mkuyu uliojipinda ukafanya kama lango, mpaka gari inapita katikati. Mara ya kwanza tulipita fupi tukafika mapema tukajiona mashujaa. Pita ndefu. Mwili unapanda polepole, kuna kivuli, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya vichwa vyenu na ile mikia yao kama mashungi, na mkifika kwenye sakafu ya kreta mnauona ukuta wote wa mlima umesimama mbele yenu, zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na kile kichuguu cha majivu katikati yake. Kiongozi akakuonyesha kwa kidole usiku wa keshokutwa mtapita wapi, kule juu ya ukingo. Mimi nilinyamaza kabisa.

Kwenye majani mkiona nyati askari akisema simameni, simameni. Usitoe simu kwanza, usipige kelele, kaa nyuma yake. Twiga hawana shida, wataendelea kula huku wanakuangalia.

Miriakamba kuna vibanda vya mbao, vitanda vya deka na magodoro, jioni baridi inaanza kuuma kidogo. Kula hata kama husikii njaa, kunywa maji, lala. Nenda msalani kabla giza halijaingia vizuri na usiku ukibanwa mwamshe mwenzio muende wawili na tochi, nyati wanakuja mpaka mlangoni kula majani.

Siku ya pili ndo siku yenyewe. Watu wanafikiri usiku wa kilele ndo unaamua, hapana, unaamuliwa mchana wake. Toka Miriakamba saa mbili asubuhi, isizidi hapo. Ni kama mita 1,000 za kupanda mpaka Saddle, mita 3,570 hivi, masaa manne kama mnatembea mwendo wa kuongea. Mwendo wa kuongea maana yake unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, ukishindwa kumaliza sentensi umezidisha, punguza hatua. Wale wagumu watakupita na mizigo kichwani wanasema polepole dada, polepole kaka, wasikilize, wao wanapanda kila wiki na hawasemi kwa kubembeleza. Katikati kuna sehemu inaitwa Mgongo wa Tembo, mnapumzika pale mnakula, miti imeshabadilika, mikubwa ya msituni imeisha mmeingia kwenye vichaka virefu vinavyoning'inia ndevu za kijivu, na ukungu unapita katikati.

Sasa mkifika Saddle mchana saa saba au nane mtatamani kuvua viatu mlale. Msivue. Kunywa chai, kula, pumzika saa moja, halafu pandeni Little Meru. Ni kilima cha pembeni hapo, mita 3,820, kama dakika 45 mpaka saa nzima kwenda, mnakaa juu nusu saa mnarudi kulala chini. Wazee wa milima wanasema panda juu ulale chini, na hii ndo maana yake, mwili unaonjeshwa hewa nyembamba halafu unarudishwa chini kidogo ujipange. Sisi mara ya kwanza tulitoka Miriakamba saa nne na nusu kwa sababu mpishi alichelewa, tukafika Saddle karibu saa kumi na moja, Little Meru tukaambiwa haina umuhimu, tukala harakaharaka tukalala na vichwa vinagonga. Saa sita usiku tukaamshwa na tukaanza kukimbizwa maana siku hiyohiyo ilikuwa lazima tushuke mpaka getini. Idadi ya usiku wa kulala juu kabla ya kilele ni ileile kwenye siku tatu na siku nne, ni mbili, hilo niseme ukweli. Tofauti ni kwamba ukiwa na siku ya nne hakuna anayekuharakisha, kiongozi haangalii saa, unaruhusiwa kwenda taratibu, na kwenye ule urefu haraka ndo inayotapisha watu.

Jioni hiyo panga kila kitu kabla hujalala. Nguo za usiku zivae uingie nazo kwenye slipingi begi, betri na simu na chupa ya maji weka humohumo miguuni zisigandishwe na baridi. Mfukoni karanga, kashata, glukosi, vitu unavyoweza kula na glavu mkononi. Usingizi hautakuja vizuri, sio ugonjwa, lala tu macho yamefumba.

Saa saba usiku mnatoka. Kabla ya hapo mtapewa chai ya tangawizi na biskuti, mimi sitasahau ile chai, kikombe cha plastiki cha bluu nimekikumbatia kwa mikono yote miwili, mvuke unapanda kwenye mwanga wa tochi na nje nyota zimejaa kama mtu kamwaga sukari. Mnatembea mstari mmoja, kiongozi mbele, macho kwenye visigino vya aliyekutangulia. Mpaka Rhino Point ni saa moja hivi ya kupanda moja kwa moja. Halafu njia inakudanganya, inashuka, na kuna miamba mnapita pembeni yake mnashika kwa mikono, hapo fimbo zifunge kwenye begi, hakikisha mguu mmoja umekaa ndo unyanyue mwingine. Ukiwa mwoga wa urefu giza linakusaidia hapo, huoni chini.

Baada ya hapo ni majivu na changarawe nyeusi. Unapiga hatua moja unarudi nusu. Upande mmoja mteremko wa mlima, upande mwingine kreta, na upepo unatoka kwenye kreta unakuja kwa vishindo, unatulia, unakuja tena. Jifunze pumzi ya kulazimisha: vuta kwa pua, toa kwa mdomo kwa nguvu kama unapuliza jiko la mkaa, hatua moja pumzi moja. Nilihesabu hatua 50 nasimama, 50 nasimama, baadaye ikawa 30, baadaye 15. Hakuna aibu. Ila kusimama kusizidi dakika mbili, jasho likipoa umekwisha. Maji yatoe kwenye jaketi kidogokidogo, kama una ule mpira wa kunyonyea pulizia maji yarudi kwenye mfuko kila ukimaliza kunywa, usipofanya hivyo mpira unaganda na huna maji tena mpaka jua litoke.

Cobra Point ni mita 4,350 na ndo mahali ambapo kichwa kinashindana na wewe. Unaona kilele hapo mbele, unasema nusu saa. Sio nusu saa, ni saa nzima au zaidi, na kuna vichwa vya mwamba viwili vitatu ambavyo kila kimoja utafikiri ndo chenyewe. Nakwambia mapema ili ukifika usivunjike moyo. Mwisho kabisa unapanda mawe kwa mikono na miguu, halafu unaona bendera na kibao, Socialist Peak, jina lilelile la enzi za Ujamaa.

Kama mmekwenda vizuri mtafika karibu na saa kumi na mbili asubuhi. Geuka mashariki. Kilimanjaro uko kama kilomita 70 mbele yako, kilele chake cha Kibo na theluji yake, na mawingu yametandazwa katikati kama godoro, jua linachomoza hapo jirani yake. Kwa sababu ule upande wa mlima uliporomoka hakuna kitu kinachokuziba, ni shimo la kreta chini ya miguu yako na kile kichuguu cha majivu kimejikunja kimya, mlima ulitoa majivu mara ya mwisho 1910, halafu msitu, halafu maziwa ya Momella yanang'aa kama vipande vya kioo, halafu Kibo. Watu wengi wanapiga picha hiyo wanageuka kushuka. Wewe subiri jua lipande kidogo halafu angalia magharibi. Kivuli cha Meru mzima kimelala juu ya tambarare, pembetatu iliyochongoka, ncha yake imefika mbali kabisa, na wewe umesimama kwenye kilele kinachotupa ncha hiyo. Kinafupika kadiri jua linavyopanda, unakiona kinarudi. Mimi nililia pale na mzee mmoja mgumu aliyekuja na sisi akanipa karanga bila kusema neno.

Simu toa mfuko wa ndani, piga, rudisha haraka, baridi inakula chaji mpaka sifuri ndani ya dakika chache.

Kuhusu kuumwa urefu, yaani kuumwa kwa sababu ya hewa nyembamba ya juu, nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanapoteza maisha milimani kwa kuona haya. Kuumwa kichwa kidogo, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, hivyo vinatokea kwa wengi, unamwambia kiongozi, unapunguza mwendo, unakunywa maji. Lakini ukiona mtu anayumba kama mlevi, anaongea vitu havieleweki, anahema akiwa amekaa au anakohoa povu, huyo hapumziki na hasubiri asubuhi, anashuka wakati huohuo hata kama ni usiku na hata kama mmebakiza hatua 100. Ukitaka dawa za kuzuia ongea na daktari kabla ya safari, usipewe na mwenzio kibandani. Mimi ile mara ya kwanza nilikuwa nabisha, nasema niko sawa, kiongozi akaniambia tembea kwenye mstari huu nilioweka kwa fimbo, nikatembea nje ya mstari. Akasema basi, tunashuka. Namshukuru mpaka leo.

Kushuka kunataka akili yako yote na hapo ndo siku ya nne inalipa. Kutoka juu mpaka Saddle mchana unaona sasa ulipopita usiku, utashangaa. Ukingo unapanda na kushuka kwa hiyo kuna vipande vya kupanda tena, ikiwemo pale kabla ya Rhino Point, weka akiba ya nguvu na maji. Kwenye majivu piga visigino, magoti yakunje kidogo, fimbo ziwe ndefu zaidi kuliko za kupandia. Saddle mnakula na kulala saa moja, halafu mnashuka Miriakamba taratibu mnalala huko usiku mzima. Wa siku tatu wanaendelea mpaka getini, ni kushuka mita 3,000 ndani ya siku moja juu ya usiku ambao hukulala, na ngazi zile zile, wengi wanateguka hapo na wala sio kileleni.

Asubuhi ya mwisho chukueni ile njia fupi, masaa mawili na nusu hivi. Bahasha ya wagumu iandae usiku Miriakamba kabla hujachoka, kila mmoja yake, mpe mwenyewe mkononi ukimtaja jina, usimpe mtu mmoja awagawie wenzake. Begi lako walilobeba lisizidi kilo 15, hiyo ni heshima ya kuanzia nyumbani unapofungasha. Glavu na soksi ambazo huzihitaji tena waulize kama wanazitaka, wengi wanazitaka, baridi ya Saddle inawapata wao wiki hadi wiki.

Na kabla ya kuingia kwenye gari geuka uangalie juu, iwe kabla ya saa nne maana baada ya hapo mawingu yanafunika. Tafuta ukingo wa ukuta, fuata kwa macho kutoka kulia, Little Meru, Rhino Point, Cobra, mpaka ile ncha.